Mahakama Wakati wa Maradhi: Fundisho la Uingereza, 1348-1381

Husemwa kwamba maradhi makubwa yakiingia nchini, mahakama hulazimika kuahirisha mashauri na kutafuta utaratibu mpya wa kazi. Usemi huo ni wa kweli, lakini haujakamilika. Mahakama ni chombo cha dola, na dola ina tabaka linaloishika. Kwa hiyo hatuna budi kuuliza: kazi ipi ilisimama, kazi ipi iliendelea, na kwa faida ya nani? Historia ya Uingereza wakati wa Tauni Kuu inalijibu swali hilo waziwazi.

Tauni iliingia Uingereza katikati ya mwaka 1348 kwa njia ya bandari za kusini. Katika muda wa miaka miwili hivi iliua baina ya theluthi moja na nusu ya watu wote. Bunge lililoitwa kukutana Januari 1349 liliahirishwa, na mwaka huo huo mahakama kuu za Mfalme huko Westminster zilisimamisha vikao kwa kipindi. Mwenye shauri alisubiri.

Mashambani mambo hayakuwa hivyo. Huko kabaila alikuwa na baraza lake, lililowahukumu watwana waliolima ardhi yake. Mengi ya mabaraza hayo yaliendelea kukaa hata tauni ilipopamba moto. Karani aliandika majina ya waliokufa, kwa sababu mtwana mwenye shamba alipofariki, kwa kawaida kabaila alichukua mnyama wake aliye bora kuliko wote, na mrithi alitozwa ada kabla ya kukabidhiwa shamba. Msiba wa mtwana ulikuwa pato la kabaila.

Hata hivyo, tauni ilizaa mgongano mpya. Watu wa kufanya kazi walipungua, na ardhi ilibaki ile ile. Wavujajasho waliosalia walitambua thamani ya jasho lao, wakadai ujira mkubwa zaidi. Serikali ya Mfalme Edward III haikungoja tauni iishe. Tarehe 18 Juni 1349 ilitoa Amri ya Wafanyakazi: kila mwanamume na mwanamke mwenye nguvu, aliye chini ya umri wa miaka 60, asiye na ardhi wala shughuli yake mwenyewe, alilazimika kumtumikia aliyemhitaji kwa ujira wa kabla ya tauni. Aliyeacha kazi kabla ya muda wake alistahili kifungo.

Mwaka 1351 Bunge liliitilia nguvu amri hiyo kwa sheria. Mkaushaji wa majani ya mifugo alipangiwa peni 1 kwa siku, na fundi mkuu seremala peni 3. Iliamriwa mikatale itengenezwe katika kila mji. Mahakimu maalumu waliagizwa kukaa walau mara 4 kwa mwaka, na wengi wao walikuwa wenye ardhi, yaani waajiri wenyewe. Ni dhahiri basi kwamba dola haikukosa uwezo wa kuendesha mahakama. Iliamua tu ni za nani zifanye kazi kwa bidii.

Sheria hiyo haikufaulu kuushikilia ujira pale pale, lakini ilikusanya chuki. Mwaka 1381, kodi ya kichwa ilipozidi kuwaelemea, wakulima wa Essex, Kent na Suffolk waliasi. Walichoma hati za mabaraza, kwa maana utwana wao uliandikwa humo, na tarehe 14 Juni Jaji Mkuu John Cavendish aliuawa huko Suffolk. Mfalme Richard II alitoa ahadi ya uhuru, kisha akaivunja, na uasi ukazimwa. Lakini utwana haukurudia nguvu zake. Uliendelea kufifia katika karne iliyofuata.

Ugonjwa wa korona ulipoenea mwaka 2020, mahakama za nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwamo, zilipunguza msongamano na kusikiliza baadhi ya mashauri kwa video. Mbinu hizo ni njema. Lakini kwetu sisi tunaowatumikia wakulima na wafanyakazi, kipimo chake si mtambo. Kipimo ni mahabusu asiye na wakili, kibarua aliyefukuzwa bila malipo na mjane anayedai shamba: je, mashauri yao yalisikilizwa mapema kama yale ya wenye mali?