Historia ya Projekta ya Tyubu Tatu, na Neno la Tahadhari kwa Vijana

Wahariri wa gazeti letu wameniomba niandike machache juu ya kazi niliyoifanya baada ya kuondoka shuleni. Nimeona yafaa zaidi nieleze historia ya chombo kimoja ambacho vijana wa leo hawakijui, na ambacho wazee wenzangu wengi walikitazama bila kujua kilivyofanya kazi, nacho ni projekta ya video ya tyubu tatu.

Asili yake ni ya zamani. Mnamo mwaka 1897, mtaalamu wa Kijerumani Karl Ferdinand Braun alitengeneza tyubu ya kioo isiyo na hewa ndani, ambamo mwali wa elektroni hurushwa kutoka nyuma na kugonga dawa iliyopakwa usoni, nao uso ukatoa mwanga. Tyubu hiyo ndiyo iliyozaa televisheni. Lakini picha ya televisheni ilikuwa ndogo, na watu walitaka picha ya ukubwa wa sinema. Huko Zürich, Uswisi, Fritz Fischer alianza mwaka 1939 kubuni mashine iitwayo Eidophor, iliyotumia utando wa mafuta na taa kali sana. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1943. Ilikuwa kubwa na ya gharama kubwa mno, hata hivyo NASA ilizitumia mjini Houston wakati wa safari za mwezini. Njia nyepesi ilipatikana Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Henry Kloss na kampuni yake ya Advent walipouza VideoBeam, yenye tyubu tatu: nyekundu, kijani na buluu, zote zikielekezwa kwenye pazia moja.

Kwetu mambo yalikwenda taratibu. Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, na Bara ikasubiri hadi mwaka 1994. Mimi nilizifahamu projekta hizi katika miaka hiyo ya 1990, nilipokuwa fundi wa ukumbi mmoja wa mikutano mjini Dar es Salaam.

Kuifunga projekta ya namna hii hakukuwa mchezo. Mashine kubwa zilipita uzito wa kilo 100, kwa hiyo kama ilitundikwa darini, ilibidi kwanza kuhakikisha kwamba boriti na bolti zinaweza kuubeba mzigo huo. Umbali kutoka lenzi hadi pazia ulipimwa kwa futi kamba kufuatana na kitabu cha mashine, wala haukukisiwa kwa macho. Kisha iliwashwa na kuachwa ipate moto kwa nusu saa au zaidi, maana picha ya mashine baridi husogea. Tulianza na kijani peke yake, tukafunika lenzi nyingine mbili. Tulinyoosha mistari, tukasafisha ukali wa picha katikati na pembeni, ndipo tukaileta nyekundu mpaka ikakaa juu ya kijani, na mwisho buluu. Mstari mweupe ukionyesha ukingo mwekundu au wa buluu, kazi haijaisha. Aidha, hatukuacha picha moja yenye mwanga mkali isimame kwa saa nyingi, kwani dawa ya tyubu huungua na alama yake haifutiki.

Hatari kubwa zaidi ilikuwa ndani ya kifuniko. Tyubu hizo zilitumia umeme uliopita volti 30,000, na tyubu huweza kuuhifadhi umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Mwenzetu mmoja alichomoa plagi, akapanda ngazi, akafungua kifuniko na kuingiza mkono mara moja. Umeme uliobaki ulimrusha chini akavunjika mkono. Tulishukuru kwamba hakupoteza maisha. Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kufungua mashine akiwa peke yake, wala kugusa waya mnene wa tyubu kabla ya fundi mwenye mafunzo na vifaa kuuondoa umeme huo.

Enzi ya mashine hizi imekwisha. Mwaka 1987 Larry Hornbeck wa Texas Instruments alibuni kidude chenye vioo vidogo sana vinavyogeuka, na projekta nyepesi zilizotokana na ubunifu huo, pamoja na zile za LCD, zikachukua nafasi. Lakini mashine ikistaafu haipotei. Projekta za tyubu na televisheni nzito za zamani bado zimo katika stoo za taasisi na majumbani, na wauza vyuma chakavu huzitafuta kwa ajili ya shaba iliyo shingoni mwa tyubu.

Vijana wetu, najua mna hamu ya kufungua na kuchungulia, na hamu hiyo ndiyo mwanzo wa ufundi. Lakini msivunje tyubu, kwa kuwa haina hewa ndani na vipande vyake huruka kama risasi. Msiguse wala kuonja maji yaliyo mbele ya tyubu za projekta, kwani ni dawa ya kupozea na huweza kuwa sumu. Mkikikuta chombo hicho stoo, mwiteni mwalimu wa fizikia awatafutie fundi anayekijua. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Sisi tuliofanya kazi hiyo tungali hai, basi tuulizeni.