Bayi na hesabu ya kuthubutu

Ukikimbia mita 1500 kwenye uwanja wa shule huku kwetu Isongole, ushauri ni uleule: tunza pumzi, subiri mzunguko wa mwisho. Sawa, ila ukisubiri unampa nafasi mwenye kasi ya kumalizia.

Filbert Bayi alifanya kinyume. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye fainali ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, aliongoza tangu mwanzo. John Walker wa New Zealand alimkimbiza hadi kwenye utepe, hakumpata. Bayi alitumia 3:32.2, rekodi ya dunia. Walker, kwa 3:32.5, naye aliivuka rekodi ya zamani.

Mwaka 1978 kule Edmonton, David Moorcroft wa Uingereza alimpita Bayi mwishoni. Je, kuthubutu kulikuwa kosa? Si lazima. Uamuzi hupimwa kwa uwezekano uliokuwepo kabla ya mbio, sio kwa medali peke yake.

Mwaka 2006 mchumi David Romer alionyesha kwamba makocha wa futiboli ya Marekani huupiga mpira mbali na kujihami hata pale takwimu zinaposema washambulie. Nadhani sababu tunaijua: ukithubutu ukashindwa, unalaumiwa wewe, ukijihami ukashindwa, inalaumiwa bahati.

Kwa hiyo mwalimu, ukimwambia mtoto asubiri, jiulize kwanza: unalinda pumzi zake au jina lako?