Dago la Wavuvi wa Kiunga na Bahari Tunayoitafuta

Katika darasa la mwaka wa kwanza tuliandika ubaoni sentensi nyepesi: "Wavuvi wamekwenda baharini." Tulipouliza wamekwenda wapi, nusu ya darasa walinyoosha mkono upande wa mto Naili. Hatukuwalaumu. Katika Kiarabu cha Juba neno bahar ni mto, na ramani yetu imejaa Bahr el Jebel na Bahr el Ghazal. Kiswahili kilichukua neno hilo hilo la Kiarabu kikaliweka kwenye maji ya chumvi. Hapo tukaona afadhali tuwapeleke wanafunzi, kwa maneno tu, hadi Kiunga.

Kiunga iko kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, karibu na mpaka wa Somalia, na wenyeji wake ni Wabajuni. Mbele ya mji kuna mlolongo wa visiwa vidogo na miamba unaoshuka kuelekea Lamu. Tangu mwaka 1979 sehemu hiyo ni hifadhi ya bahari. Mvuvi wa huku hupiga dago, yaani huhama kwake na wenzake, wakapiga kambi kisiwani kwa siku au majuma, wakivua na kukausha ng'onda. Dago hufuata pepo. Kusi inapovuma, tangu Aprili hadi Septemba hivi, bahari ya nje huchafuka na vyombo vidogo hubaki ndani ya miamba. Kaskazi ikiingia, bahari hutulia, mkondo kutoka Somalia hukutana na ule unaotoka kusini, na maji ya chini yenye rutuba hupanda juu. Hapo ndipo nguru, jodari na kolekole hufuatwa nje.

Ndani ya miamba kuna tafi, ambaye hula majani na mwani. Changu, ambaye huwinda penye majani na mawe. Pono, mwenye mdomo kama wa kasuku wa kutafunia matumbawe. Na chewa, ambaye hukaa pangoni akingoja. Wazamiaji hutafuta kamba mawe. Kamusi nyingi tunazofundishia zinasema tu "aina ya samaki", basi. Mwanafunzi wa Juba anayemjua sangara kwa uzito na kambare kwa ndevu zake hawezi kuridhika na jibu hilo, na sisi pia hatulipendi.

Uvuvi huu una umri mkubwa. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya kwanza, Periplus, kinaeleza kisiwa kimoja cha pwani hii ambako watu walikuwa na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, wakivua samaki na kasa, na kutega vikapu penye milango ya maji kati ya miamba. Kikapu hicho hatuna shida kukitambua: ni dema. Chombo cha kushonwa ni ndugu wa mtepe, ambao mafundi wa visiwa vya Lamu waliendelea kuuunda karne nyingi baadaye. Wabajuni walikuwa na ufundi mwingine wa ajabu: walimfunga kamba mkiani samaki aitwaye chazo, wakamwachia majini ajigandishe kwa kichwa chake kwenye gamba la kasa, kisha wakavuta. Leo kasa wanalindwa na sheria.

Amani haikuwa ya kudumu. Wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, watu wa vijiji vya bara kaskazini mwa Lamu walilazimika kuhama, na baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991 hofu ilirudi.

Sasa tufike kwetu. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Salva Kiir alikuwa Lamu pamoja na Rais Mwai Kibaki na Waziri Mkuu Meles Zenawi kuzindua mradi wa LAPSSET: bandari, barabara, reli na bomba la mafuta hadi nchi yetu. Bandari ilichimbwa katika ghuba ya Manda, maji yaliyokingwa ambayo mvuvi mdogo huyategemea kusi inapomfungia bahari ya nje. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 za Kenya. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021.

Tulipowasomea wanafunzi habari hii, mmoja aliuliza kama bandari hiyo ni yetu au ya wale wavuvi. Darasa lilibishana mpaka kipindi kikaisha, kwa Kiswahili, wakichanganya ngeli kila mahali, nasi hatukusahihisha.

Tunawaomba wanaotoka Terekeka, Bor na Shambe watuletee maneno ya kwao ya kambi ya wavuvi, tuyaandike kando ya dago.