Watu wa Pwani na Vyuo vya Ualimu: Mfano wa Tanga

Kuna usemi uliozoeleka mno katika nchi yetu, nao ni kwamba watu wa pwani hawapendi shule. Usemi huo husikika hata katika vyumba vya walimu, na mara nyingine hutamkwa na watu wa pwani wenyewe, kwa mzaha wenye uchungu ndani yake. Katika insha hii twataka kuupima kwa kipimo kimoja tu: kijana wa Tanga aliyetamani kuwa mwalimu, tangu zama za Wajerumani hata leo, alikuwa na vyuo gani vya kuchagua, na kila chuo kilimdai nini kabla ya kumpokea? Tumeuchukua ualimu kwa makusudi, maana hapana kazi nyingine ambayo kwayo jamii huirithisha nafsi yake. Jamii isiyokuwa na walimu waliotoka miongoni mwake hufundishwa na wengine, na baadaye huambiwa kwamba haikupenda kufundishwa.

Tuanze na neno lenyewe. Wengi wa wanafunzi wetu leo wasikiapo neno chuo hufikiri juu ya majengo makubwa, mabweni na mahafali. Lakini kwa wazee wa Mrima chuo kilikuwa ni kitabu, kisha kikawa ni mahali kitabu hicho kinaposomwa, yaani ukumbi wa nyumba ya mwalimu ambapo watoto huketi juu ya mkeka na kusoma Kurani. Mzazi hakuchagua jengo, alichagua mtu. Alitazama elimu ya mwalimu, mwenendo wake, na namna wanafunzi wake wa zamani walivyoishi na watu. Aliyetaka kuendelea zaidi alimfuata shekhe mahali alipo, Unguja au Lamu, akakaa miguuni pake miaka, na mwisho akapewa ijaza, yaani idhini ya kufundisha kitabu fulani. Ijaza haikutolewa na ofisi. Ilitolewa na mtu aliyemjua mwanafunzi wake kwa jina na kwa tabia. Kwa utaratibu huo pwani ya Tanga ilipata wanavyuoni wa kutajika. Kumtaja mmoja, Shekhe Ali Hemedi al-Buhriy, kadhi ambaye kitabu chake juu ya mirathi kilitumiwa hata na maofisa wa serikali ya Kiingereza.

Basi watu hawa walikuwa wamezoea kuchagua mwalimu kabla ya Mzungu yeyote kujenga shule. Yafaa jambo hili lieleweke vizuri, kwa kuwa ndilo linaloeleza mengi yaliyofuata.

Mwaka 1892 shule ya serikali ya kwanza katika koloni la Wajerumani ilifunguliwa, nayo ilifunguliwa Tanga. Haikufundisha dini ya Kikristo. Lugha yake ilikuwa Kiswahili, kikiandikwa kwa herufi za Kirumi badala ya zile za Kiarabu zilizozoeleka. Nia ya Wajerumani haikuwa kumwinua Mswahili. Walihitaji makarani, wakalimani, maakida wa kutawala vijiji, na walimu wa kwenda kufundisha katika shule ndogo za bara. Hata hivyo vijana wa pwani waliingia, na wengi wao walikuwa Waislamu. Wamisionari wa wakati ule walinung'unika kwamba serikali inaulea Uislamu kwa fedha za koloni. Manung'uniko hayo ni ushahidi wetu. Kama watu wa Tanga wangaliikimbia shule, wamisionari wasingalikuwa na la kulalamikia. Shule hiyohiyo ndiyo iliyotoa gazeti la Kiongozi katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ambalo lilisomwa mbali na Tanga na waliohitimu hapo.

Twasisitiza, kwa hiyo, kwamba kwa kadiri ya miaka 20 Tanga haikuwa mahali pa kuondoka ili kutafuta ualimu. Ilikuwa mahali pa kujia.

Njia ya pili ilikuwa ya misheni. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA walikuwa wamekwisha kujikita Magila, chini ya milima ya Usambara, na chuo chao kikuu cha walimu kilikuwa Kiungani, Unguja. Wasichana walisomeshwa Mbweni, na baadhi yao wakawa walimu. Elimu ya Kiungani ilikuwa ya juu kuliko ile ya Tanga, na Kiingereza kilifundishwa. Lakini mlango wake ulikuwa mmoja, nao ni ubatizo. Kwa Mbondei aliyekulia Magila jambo hilo halikuwa zito. Kwa kijana wa Kiislamu wa mjini, kuchagua chuo hicho kulimaanisha kuwaacha wazazi wake wakiwa hai.

Martin Kayamba, ambaye jina lake limeambatana na historia ya Tanga, alikuwa tunda la njia hiyo. Alizaliwa Mbweni mwaka 1891. Baba yake, Hugh Peter Kayamba, alikuwa mwalimu wa misheni aliyepata kusoma Uingereza, na yeye mwenyewe alisoma Kiungani. Baadaye akawa karani mkuu Tanga, na mwaka 1922 akaanzisha hapo chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Jambo la kupendeza katika chama hicho ni kwamba kiliwakusanya pamoja waliosoma misheni na waliosoma shule ya Wajerumani, Wakristo na Waislamu. Walikuwa wamepita milango tofauti, lakini walipokutana walijiona ni watu wa tabaka moja, yaani waliosoma.

Kabla ya hapo, lakini, vita vilikuwa vimekuja, na vilishukia Raskazone. Rasi hiyo iliyo upande wa mashariki wa mji ndipo majeshi ya Waingereza, mengi yake yakiwa ya Wahindi, yalipoteremka kutoka melini tangu tarehe 2 Novemba 1914. Yalishindwa vibaya na jeshi la von Lettow-Vorbeck, ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika, na tarehe 5 yakaondoka. Waingereza walirudi na kuutwaa mji mwaka 1916. Wanafunzi wetu hufundishwa vita hivyo kama habari ya majemadari. Sisi twapenda kuwakumbusha kwamba vita hivyo vilifunga pia shule na gazeti, na kwamba mwalimu aliyehitimu kwa Mjerumani alijikuta ghafla ana elimu isiyokuwa na lugha ya mtawala mpya.

Waingereza walipopanga elimu upya katika miaka ya 1920, hasa baada ya tume ya Phelps-Stokes kupita mwaka 1924, waliweka vituo vikubwa mahali pengine. Shule ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925. Katika mwaka huohuo chuo cha Kiungani kilihamishiwa Minaki, karibu na Dar es Salaam. Mpwapwa ikapata chuo cha walimu cha serikali mwaka 1926. Tanga ilibaki na shule yake, na bandari, na katani. Serikali ilishirikiana na misheni katika kuendesha elimu na kuzipa ruzuku, na kwa kuwa misheni ndizo zilizokuwa na shule nyingi, ruzuku nyingi zilikwenda huko. Chuo cha Kurani hakikuhesabiwa kuwa shule. Hapa ndipo, kwa maoni yetu, usemi ule wa kwamba watu wa pwani hawapendi shule ulipozaliwa. Waliohesabu walianza kwa kufuta nusu ya hesabu, kisha wakashangaa kuiona ndogo.

Tufikirie kijana wa Tanga wa wakati huo asiyekuwa Mkristo. Angeweza kwenda Mpwapwa. Lakini reli ya Tanga haikuunganishwa na reli ya kati mpaka mwaka 1963, Ruvu ilipounganishwa na Mnyusi. Ilimbidi afike Dar es Salaam kwa meli au kwa gari, kisha apande treni hadi Gulwe, ndipo amalizie safari yake katika nchi ya Wagogo ambayo hakuna mtu wake aliyepata kuiona. Karibu zaidi, ng'ambo ya bahari, kulikuwa na chuo cha walimu cha Unguja, Beit-el-Ras, ambako lugha na dini zilikuwa zake. Lakini Unguja ilikuwa chini ya serikali nyingine. Mombasa nako Waislamu walipata taasisi yao ya elimu baada ya Vita vya Pili, ila ilifundisha ufundi, si ualimu.

Waliofuzu kupita wengine wote walikwenda Makerere. Hapa jiografia ilifanya kinyume cha matazamio. Reli ya Tanga ilikutana Kahe na ile itokayo Voi, na reli ya Kenya na Uganda ilifika Kampala mwaka 1931. Mtu wa Tanga, basi, aliweza kwenda Kampala kwa reli moja kwa moja, hali hakuweza kwenda hivyo Dar es Salaam, mji mkuu wa nchi yake! Makerere ndiko alikosomea ualimu Julius Nyerere tangu 1943 hata 1945, lakini alichopata ni stashahada. Shahada yake aliipata Edinburgh mwaka 1952. Makerere ilianza kutoa shahada za Chuo Kikuu cha London baada ya 1949. Ndiyo kusema, hadi wakati huo mwalimu Mwafrika wa nchi hii aliyetaka shahada hakuwa na chuo cha kuchagua katika Afrika Mashariki nzima.

Mlango ulifunguka baada ya Uhuru. Chuo Kikuu kilianza Dar es Salaam Oktoba 1961 kikiwa na sheria peke yake, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na katika miaka hiyo ikaanzishwa shahada ambayo ndani yake mwanafunzi alisoma elimu pamoja na masomo atakayoyafundisha, badala ya kumaliza shahada kwanza ndipo ajifunze kufundisha. Chang'ombe kikaanza mwaka 1965 chuo cha stashahada kwa walimu wa sekondari. Serikali ililipa gharama, na aliyelipiwa alifungwa na ahadi ya kuitumikia. Wako waliolalamika kwamba walichaguliwa ualimu na serikali badala ya kuuchagua wenyewe. Malalamiko hayo yalikuwa na haki yake. Lakini kwa kijana wa pwani palikuwa na faida ambayo haikuonekana mara moja. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyeulizwa dini yake mlangoni, wala mfuko wa baba yake. Kisha likaja Azimio la Musoma la Novemba 1974, likaleta mpango wa elimu ya msingi kwa wote, nao ukahitaji walimu wengi kwa haraka mno, hata vijana waliomaliza darasa la saba wakafunzwa ualimu vijijini wakiwa kazini. Walimu hao wamesemwa vibaya sana. Sisi twakumbuka kwamba wengi wao walifundisha walikozaliwa.

Leo kijana aishiye Raskazone ana orodha ndefu. Iko Mlimani, viko vyuo vishiriki vyake vya elimu, Chang'ombe na Mkwawa, vilivyopandishwa mwaka 2005, kiko Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2007, na vingine vya serikali, vya dini na vya watu binafsi. Mkoani mwake, chuo cha ualimu cha Korogwe hakitoi shahada, na huko Lushoto chuo kikuu cha Sebastian Kolowa, kilichofunguliwa 2007 na kusifika kwa elimu ya watoto wenye ulemavu, kilifundisha kwa miaka kadhaa tu. Dini haimzuii tena, na treni si kikwazo. Kinachompima sasa ni mkopo, na mara nyingi huchagua chuo kwa jina lake. Twamshauri aulize maswali ambayo babu yake aliyauliza juu ya mwalimu wa chuoni: ni nani watakaonifundisha, wanafunzi wao wamekuwa watu gani, na nitafanya mazoezi ya kufundisha wapi na chini ya jicho la nani? Jina la chuo halimjibu hata moja.

Kuna njia moja ambayo haitajwi mara nyingi majumbani, labda kwa sababu haina mabweni ya kujivunia. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha 1994, kina kituo Tanga. Mwalimu wa stashahada, na tunawafikiria hasa akina mama, aweza kufundisha mchana katika shule yake, akasoma usiku, akafanya mitihani mjini humohumo, na kuipata shahada pasipo kuwaacha watoto wake wala darasa lake. Huchukua miaka mingi zaidi, na wengine huishia njiani. Wanaomaliza huwa tayari wako shuleni.