Kuusubiri Mwanga

Mwaka 1838, Louis Daguerre alielekeza kamera yake Boulevard du Temple, jijini Paris. Barabara ilijaa watu na magari ya farasi, lakini pichani ni tupu. Bamba lake lilihitaji dakika kadhaa za mwanga, na wapita njia hawakukaa mahali pamoja kiasi cha kuacha alama. Anayeonekana wazi ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishiwa viatu. Alitulia, basi akabaki.

Filamu zilizokuja baadaye zilikuwa nyepesi kunasa mwanga, ila usiku zilichoka: kadiri zilivyoachwa wazi, ndivyo zilivyozidi kuwa nzito kupokea. Wachunguzi wa nyota walihangaika nazo miaka mingi.

Mwaka 1969, Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs, New Jersey, walikuwa wakitafuta namna ya kutunza kumbukumbu za kompyuta. Walichobuni ni CCD, kipande cha silikoni chenye visanduku vidogo mno. Mwanga ukikigusa kisanduku, elektroni hujikusanya humo. Kisha visanduku hupokezana mzigo, kama majirani wanaopitishiana ndoo nyumba inapoungua, hadi mwisho wa mstari unakohesabiwa. Kihisi hiki hakichoki. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Lakini silikoni ina tabia yake: hata gizani kabisa, joto lake lenyewe huzalisha elektroni. Kwa picha ya mchana huoni kitu. Acha lenzi wazi dakika kumi, na picha itachafuka vitone ambavyo si nyota. Dawa ni baridi, na ndiyo maana katika vituo vingi vya kutazama nyota vihisi hupozwa kwa naitrojeni ya kimiminika. Kamera ya mkononi haina anasa hiyo. Ukipiga picha ya sekunde thelathini, kamera nyingi huweza kukaa kimya thelathini nyingine, lenzi imefungwa, zikipiga picha ya giza lao zenyewe ili zilitoe kwenye ile ya kwanza. Sijui hesabu ya kutoa iliyo nzuri kuliko hiyo.

Desemba 1995, Robert Williams, mkurugenzi wa taasisi inayoendesha darubini ya Hubble, aliielekeza siku kumi mfululizo kwenye kipande cha anga katika kundinyota la Dubu Mkubwa kilichoonekana kitupu. Baadhi ya wenzake walihofia muda ungepotea bure. Vihisi vilipozwa hadi nyuzi 88 za Selsiasi chini ya sifuri, na picha 342 zikaunganishwa. Mle utupuni mlikuwa na galaksi zipatazo 3,000.