Kweli Isemwayo na Kweli Itendwayo: Marafiki wa Pemba na Amri ya 1897

Katika Injili ya Yohana, liwali wa Kirumi, Pontio Pilato, alimwuliza mfungwa aliyesimama mbele yake kweli ni kitu gani, kisha akatoka nje asingoje jawabu. Wanafalsafa wengi wamelitwaa swali hilo na kulijibu kwa njia ya akili: kweli, wamesema, ni neno kupatana na jambo jinsi lilivyo. Jawabu hilo lina nguvu, wala Ukristo haukulikataa. Thomas wa Akwino alilipokea na kulifafanua katika karne ya 13. Walakini Injili ile ile yatoa jawabu jingine. Kabla ya Pilato kuuliza, Yesu alikuwa amekwisha kujiita mwenyewe kweli, na waraka wa kwanza wa Yohana huzungumza juu ya kuitenda kweli, si kuisema tu. Ikiwa ndivyo, neno laweza kupatana na jambo na bado likapungukiwa na kweli, kwa sababu aliyelisema hakusimama ndani yake. Fikira hii yaonekana ngumu ikielezwa kwa hoja tupu. Nitaieleza kwa habari iliyotokea kisiwani Pemba miaka ya mwisho ya karne ya 19.

Kwanza tuitazame lugha yenyewe. Neno la Kiebrania litumikalo kwa maana ya kweli katika Agano la Kale ni emet, nalo latoka katika shina lenye maana ya uthabiti. Ndilo shina lililozaa amina. Kiarabu, ndugu yake Kiebrania, kwa shina hilo hilo kimetupa amini, imani na amana. Basi kweli kwa asili hiyo ni kitu kinachoweza kuegemewa, kama nguzo ya nyumba. Na msema kweli ni mtu anayelitunza neno lake kama atunzavyo amana ya mwenziwe. Tena, neno la Kiarabu lililotupa haki lina maana mbili pamoja, kweli na stahili. Sisi Waswahili tuliichukua maana ya pili zaidi, na kweli tukaiachia neno letu wenyewe. Na wafasiri wa Biblia, tangu siku za Askofu Edward Steere huko Unguja, wakaufuata mgawanyo huo. Kwa hiyo katika Kiswahili kweli na haki ni maneno mawili yanayoweza kutengana. Huko Pemba yalitengana kweli kweli, na watu wakaumia.

Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini mikarafuu ya Pemba ilisalimika. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa karafuu nyingi kupita Unguja, na waliozipalilia na kuzichuma walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Mkataba wa 1873 ulipiga marufuku biashara ya kuwavusha watumwa baharini na kulifunga soko la Mkunazini, ila utumwa wenyewe haukuguswa. Uingereza ilipoiweka Zanzibar chini ya himaya yake mwaka 1890, utumwa ulikuwa ungali halali. Mwaka 1895 chama cha Waingereza waliopinga utumwa kilimtuma Donald Mackenzie kuchungua hali ya visiwa hivi, naye akaandika taarifa juu ya aliyoyaona. Hatimaye, Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohamed, aliyekalishwa kitini mwaka mmoja kabla kwa mizinga ya Waingereza, alitia sahihi amri ya kuondoa hali ya utumwa mbele ya sheria.

Ukiisoma amri hiyo kwa kipimo cha wanafalsafa, hutaona uongo ndani yake. Haikusema kwamba watumwa wote wamekwisha kuwa huru. Ilisema tu kwamba mahakama hazitatambua tena haki ya bwana juu ya mtumwa. Aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba. Alipaswa kuonyesha kwamba ana mahali pa kukaa na njia ya kujipatia riziki, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Bwana alilipwa fidia. Mtumwa hakulipwa kitu kwa miaka aliyotumika. Masuria waliachwa nje, wakahesabiwa kama wake wa mabwana zao, na ndani ya hali hiyo walikaa mpaka amri ya mwaka 1909. Kila neno la amri lilipatana na jambo. Hata hivyo, huko London ilisemwa kwamba utumwa umekwisha Zanzibar, na mwanamke aliyekuwa suria shambani Pemba, lau angeyasikia maneno hayo, asingejua yanamhusu nani.

Kuna jambo jingine, nalo lagusa kiini cha mada hii. Katika fiqhi ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waswahili wengi wa pwani, ushahidi wa mtumwa haukukubaliwa mbele ya kadhi. Si kwamba mtumwa alidhaniwa kuwa mwongo. Ni kwamba mamlaka ya kushuhudia yalikuwa ya mtu huru. Utumwa, basi, uliuzuia mkono wa mtu na pia uliliondolea neno lake uzito. Wahenga wetu walisema msema kweli hana wajoli, na sisi leo twaifasiri methali hiyo kuwa mkweli hana marafiki. Lakini mjoli kwa asili ni mtumwa mwenzi wa bwana mmoja. Yamkini methali yajua zaidi ya tunavyoifasiri: katika nyumba ya utumwa, kusema kweli kwaweza kumtenga mtu hata na wale walio chini ya nira moja naye.

Sasa twaweza kuwaona Wakristo wawili waliokutana na amri hiyo kwa njia mbili. Wa kwanza ni John Prediger Farler, aliyekuwa mmisionari wa U.M.C.A. huko Magila, Usambara, na kupata daraja ya Arkidikoni. Baada ya amri alishika kazi ya serikali huko Pemba ya kusimamia mambo ya utumwa. Farler aliona kazi yake kuwa ni kuutekeleza uhuru taratibu, mashamba yasiharibike wala watu wasitangetange. Kwa hiyo mapatano ya kazi kati ya bwana na mtumwa wake wa zamani yalimridhisha. Hatuna sababu ya kumwita mnafiki. Alilinda amri kama ilivyoandikwa.

Wa pili ni wale Wakristo wajiitao Marafiki, ambao wengi huwajua kwa jina la Quaker. Mwaka 1897 Henry Stanley Newman alifika Pemba, na Theodore Burtt akaanza kazi ya misioni katika shamba la karafuu la Banani, upande wa Chake Chake, miaka mitano kabla ya Marafiki wa Marekani kufika Kaimosi huko Kenya. Ili kuwaelewa yafaa kujua desturi mbili zao za kale. Tangu siku za George Fox, katika karne ya 17, Marafiki walikataa kuapa. Walisema kwamba anayeapa mahakamani akiri kuwa ana kweli mbili, moja ya mahakamani na moja ya nyumbani. Kwa kukataa huko waliteswa na kufungwa, mpaka sheria ya Uingereza ya mwaka 1696 ilipowaruhusu kuthibitisha maneno yao bila kiapo. Kadhalika wafanya biashara wao walikataa kupatana bei: walitaja bei moja kwa mkubwa na mdogo, kwa kuwa bei ya kwanza itajwayo ili ipunguzwe waliiona kuwa ni uongo mdogo.

Watu wenye mafunzo hayo hawakuweza kuridhika na uhuru ulioandikwa tu. Huko Banani waliwaajiri watu walioachwa huru kwa ujira, ili ionekane kwamba karafuu zaweza kuchumwa bila utumwa. Na pamoja na wenzao wa Uingereza wakaendelea kuidai serikali iutimize uhuru, wa masuria kadhalika. Kwao amri ilikuwa kama ahadi, na ahadi haiwi kweli mpaka itimizwe.

Lakini kipimo hicho hicho yatupasa tuwapime nacho wao. Marafiki nao walikuwa wenye shamba. Walikuja chini ya kivuli cha dola iliyowalinda, na waliamini kwamba Mwafrika hana budi kufunzwa kazi, kana kwamba watu walioyalea mashamba yote ya Pemba hawakuijua kazi. Tena watu wengi sana walioupata uhuru hawakuifuata dini yao. Walibaki katika Uislamu, na wako waliopendelea kuachwa huru na mabwana zao wenyewe, kwa radhi ya Mungu, kuliko kuchukua cheti cha serikali. Jamaa ya Kikristo ya Pemba ilikuwa ndogo, nayo ni ndogo hata leo.

Mtu atasema basi kazi yao ilishindwa. Ikiwa kweli ni wingi wa waliokubali, hapana la kumjibu. Walakini Injili haikufundisha hivyo. Aliyejiita kweli alikufa ameachwa na karibu wote. Mtu wa Banani aliyepokea ujira wake na kurudi msikitini alikuwa ametendewa kweli, hata kama hakuikiri imani ya aliyemlipa. Na lau angelazimishwa kuikiri, hapo ndipo kweli ingalikuwa imepotea.

Wala tusidhani kwamba kweli hiyo ilikuwa mali ya dhehebu moja. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar na mtu wa misioni ile ile iliyomleta Farler, aliandika mwaka 1920 kuipinga kazi ya kulazimishwa waliyotwishwa Waafrika na serikali ya Kiingereza yenyewe.

Kwa mwanafunzi wa historia, habari hii ina funzo la kazi yake. Daftari za mahakama za Zanzibar na taarifa za maofisa zaweza kuwa sahihi kwa kila tarakimu, na hutukia kwamba ndizo nyaraka pekee tulizo nazo. Tuzisome kwa heshima. Kisha tuulize ni nani hakuweza kuandikwa humo kama shahidi. Suria wa mwaka 1897 hakuhesabiwa miongoni mwa walioachwa huru, wala hakuna uongo katika hesabu hiyo. Ni juu yetu kumtafuta, kwa sababu kweli tunayoitaka haitapatikana pasipo yeye.