Sikukuu za Ugenini: Kutoka Kongwa hadi Mazimbu

Mwaka 1964, ardhi ya Kongwa, Tanzania, ikiwa bado na makovu ya ule mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 wakauacha kwa hasara kubwa, wapigania uhuru walipewa maskani karibu na stesheni kuukuu ya reli, wakawa majirani hapo watu wa ANC ya Afrika Kusini, FRELIMO ya Msumbiji na SWAPO ya Namibia, kila kaumu na tarehe yake tukufu: hawa 26 Juni, wale 25 Septemba na, tangu vita vya Namibia vianze mwaka 1966, wengine 26 Agosti.

Taadhima hiyo ya ugenini ilidhihiri zaidi katika shule ya ANC ya Mazimbu, Morogoro, katika shamba la zamani la mkonge lililotolewa mwaka 1977, ambako walimu wa Afrika Kusini walisomesha pamoja na wenzao wa Skandinavia, Uholanzi na Ujerumani Mashariki, na 16 Juni ilipowadia wote wakawakumbuka, kwa hotuba na nyimbo, wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976.

Mazimbu ilikabidhiwa Tanzania mwaka 1992. Makaburi ya waliofia ugenini yaliyobaki huko na Kongwa ni amana, nasi tumewajibika kuitunza.